Guleid na Habari za Njia ya Kilimani

Kila jioni baada ya masomo, Guleid alipitia zahanati ya Banissa kufuta vumbi baiskeli ya Sista Gacheri, muuguzi aliyetoka Meru. Ilikuwa baiskeli ya gia, yenye magurudumu mapana, iliyoletwa kwa ajili ya kazi za vijijini. Ujira wake ulikuwa ruhusa ya kuizungusha uwanjani hadi adhana ya magharibi. Abdiwali, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, alipata ruhusa hiyo hiyo kwa kuijaza upepo. Tofauti ni kwamba Abdiwali aliweza kuendesha huku ameachia mikono yote miwili. Guleid aliendesha tu. Hakuwa mtu wa kuanguka ovyo, lakini hakuna aliyewahi kusimama kumtazama.

Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimekatakata barabara ya magari. Vijana wakachimba njia mpya juu ya kilima, nyembamba, ya kutosha punda au baiskeli, hadi kijiji cha upande wa pili. Huko ugonjwa wa surua ulikuwa umeanza, na watoto wengi hawakuwa wamechanjwa. Mmoja wao alikuwa Ikran, mtoto wa Yurub, mama mdogo wa Guleid. Sista alipanga kuwapelekea chanjo Jumatatu, ndani ya sanduku la barafu lililofungwa kwenye karia ya baiskeli.

Jumamosi, kwa idhini ya mama yake, Guleid alitumwa kuijaribu njia ile.

"Nenda hadi mwisho, urudi, kisha uniambie ilivyo," Sista alimwambia.

Abdiwali aliuliza kwa nini asitumwe yeye. Sista akasema ana sababu zake. Guleid alivimba kichwa, akadhani siku yake ya kutambuliwa imefika.

Mwanzo wa njia ulimfurahisha mno. Udongo mwekundu ulikuwa umeshikana vizuri, na migunga ilikuwa imechipua majani mabichi. Kisha njia ikaanza kupanda. Alibadilisha gia mpaka zikaisha, mapaja yakawaka moto, na mwishowe akashuka akasukuma. Kileleni upepo ulimpoza jasho. Aliona vibanda vya kijiji huko chini na akajisikia amekuwa mtu mzima.

Mteremko ndio uliomwondolea tambo. Njia ilizunguka jiwe kubwa, na nyuma ya jiwe hilo kulikuwa na changarawe iliyolegea, pembeni yake korongo. Guleid alibana breki kwa hofu. Gurudumu la nyuma likateleza, naye akaangukia kichaka cha miiba. Kiwiko kilichubuka vibaya. Aliinuka, akateremsha mkono wa shati kuficha damu, kisha akaendelea hadi kijijini na kurudi. Wakati wa kurudi, alipofika kwenye jiwe lile, alishuka akasukuma.

Alipofika zahanati, Abdiwali na wenzake walikuwa wakimngoja. Abdiwali alitaka kujua kama aliweka mguu chini.

"Hata mara moja," Guleid alijibu.

Sista alikuwa mlangoni akihudumia wagonjwa, na alisikia. Akauliza kama basi ataweza kupita na sanduku lake bila shida. Guleid aliwatazama wenzake. Angesema nini sasa?

"Njia ni nzuri, Sista. Utateleza tu kama maji."

Usiku Guleid aliiacha chai yake ipoe. Mama yake, Arbia, alimsogezea kikombe akamtaka ampe habari za njia. Aliuliza kama watu wao wanavyomuuliza yule wanayemwita sahani, yaani mtu anayetangulia kukagua malisho na maji kabla familia haijahama. Je, kivuli kiko wapi? Mwenye mtoto mgongoni apumzike wapi? Punda mwenye mzigo atateleza wapi? Guleid alijibu vizuri mpaka swali la mwisho. Hapo akainamia kikombe.

Arbia hakumkemea. Alimsimulia kwamba alipokuwa msichana, binamu yake, kijana mwenye mbio, alitumwa kuwa sahani. Aliporudi akasema maji si mbali. Kwake yeye hayakuwa mbali. Mama wa Arbia akapakia maji ya mwendo mfupi. Walipofika kisimani, mbuzi wengi walikuwa wamebaki njiani wamekufa, na bibi yake alikuwa hawezi tena hata kusema.

"Hooyo, mama yangu, mimi nilianguka," Guleid alisema, akakunja mkono wa shati. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kiwiko.

"Mimi ninajua sasa," mama yake alisema. "Anayesafiri Jumatatu hajui."

Asubuhi Guleid alikwenda zahanati mapema. Kwa bahati mbaya Abdiwali alikuwa pale akijaza upepo. Guleid alitamani kurudi nyumbani, lakini akamkumbuka Ikran.

"Sista, sikukuambia ukweli. Wakati wa kupanda nilishuka kwenye baiskeli nikasukuma. Na kwenye jiwe kubwa nilianguka."

Abdiwali alicheka. Sista hakucheka. Alimsafisha kidonda kwanza, ndipo akazungumza.

"Unajua kwa nini sikumtuma Abdiwali? Yeye hupita popote. Mimi naendesha kama wewe, Guleid. Nilitaka kujua njia hiyo itanifanya nini mimi."

Siku hiyo hiyo vijana walipanda kilima na kufagia changarawe. Guleid alipaka chokaa mawe ya pande zote mbili za kona, ili mpitaji ajue mahali pa kushuka. Abdiwali alijaribu kuipita kona akiwa juu ya baiskeli. Alirudi akijipangusa vumbi, akaomba brashi ya chokaa.

Jumatatu jioni, Sista Gacheri alipitia kwa Arbia akiwa amechoka lakini mwenye furaha. Watoto wote walikuwa wamechanjwa, na Ikran alikuwa amelia hadi kijiji kizima kikamsikia. Arbia alimkaribisha mkekani na kumuuliza habari za njia.

"Kila kitu kilikuwa pale Guleid aliposema," Sista alijibu. "Nilipoyaona mawe meupe, nilishuka."

Arbia alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Kuanguka hakukuwa kosa, wala kusukuma. Ukitumwa mbele, sema uliyoyaona, hata yakikuaibisha. Kuna mtu ataweka mguu wake juu ya neno lako."

Guleid aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kitambaa, akatoka nje kufuta vumbi baiskeli.