Kaveera Tumboni mwa Bakita

"Gunia! Nimesema gunia, Mutwa! Mara ngapi?"

"Dada, na wewe punguza sauti. Watu wanakula."

"Wale! Wale na wasikie!"

Ramula alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli ya ndugu yake Mutwalibu, pale Nkoma, Mbale. Mkononi alining'iniza kaveera nyeusi iliyofungwa fundo, na ndani yake kulikuwa na maganda ya ndizi za matooke, ugali wa jana ambao sisi tunauita posho, na mchuzi wa mifupa wenye chumvi. Kaveera mnaijua. Ni ile mifuko ya plastiki ambayo serikali iliikataza, ikaikataza tena, na mpaka leo ukinunua nyanya tatu unapewa mbili, moja ndani ya nyingine.

Hayo maganda yalikuwa chakula cha Bakita, ng'ombe wa Ramula. Kila jioni Mutwalibu alikusanya mabaki ya hoteli, akayafunga kwenye kaveera ndogondogo, akayatuma kwa boda boda. Na kila asubuhi Ramula alikaa chini kufungua, moja moja.

"Nafungua mpaka vidole vinauma," alisema. "Na Bakita akinusa chumvi hangoji. Juzi nimemvuta moja mdomoni, nyingine ameshameza. Weka kwa gunia, basi!"

"Gunia linavuja, dada. Mchuzi unamwagikia mtu wa boda boda, halafu ananitukana mimi."

"Aoge!"

Wateja wakacheka. Unajua hoteli za kwetu, ugomvi wa mtu mmoja ni wa meza zote. Emma, mwanafunzi aliyekuwa akimalizia maharage, akasema yeye yuko na serikali, mtaro wa nyuma ya hosteli yao umeziba kaveera mpaka vyura wamehamia vyumbani. Margret, muuza nyanya, akamgeukia. "Na wewe hizo chapati zako jana ulibebea nini? Kofia? Serikali itukataze ikishatuletea vikapu vya bure!"

"Umesikia?" Mutwalibu akamwambia dada yake. "Kaveera inalisha watu. Chakula kinatoka hapa moto, kinafika nyumbani moto. Hata matooke yangu nafunika na kaveera juu ya majani ndiyo mvuke usitoroke. Mimi nikiacha, nafunga hoteli."

Ramula akaweka ile kaveera juu ya meza. "Haya. Mimi nilikubeba mgongoni miaka yote ile. Wewe gunia tu limekushinda."

Akaondoka. Mutwalibu akajifanya anakoroga mchuzi, lakini maneno yalimkaa. Mama yao alikufa yeye akiwa na miaka minne, baba alikuwa mwanajeshi wa kuhamishwa huku na huku, na Ramula ndiye aliyempikia, aliyempeleka madrasa, aliyemfulia. Hata masufuria ya kwanza ya hoteli yalitoka kwenye maziwa ya Bakita. Alijua yote hayo. Na jioni ile akafunga maganda kwenye kaveera kama kawaida.

Siku tisa baadaye simu ya Mutwalibu ililia. Ramula hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mutwa, Bakita hali. Hacheui. Tumbo limesimama."

Alipofika alimkuta ng'ombe ameinamisha kichwa, anasaga meno, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Majirani walikuwa wameshamnywesha mafuta ya kupikia na soda, kila mtu na dawa yake. Mutwalibu hakungoja dawa ya tatu. Alikwenda kumleta Daktari Nasimiyu, daktari wa mifugo, mwanamke mfupi wa buti ndefu ambaye haongei mpaka awe amegusa.

Daktari akabonyeza ule ubavu kwa ngumi. Alama ya ngumi ikabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Anakula nini?"

"Majani," Ramula akasema. "Na maganda ya hoteli."

"Maganda yanakuja ndani ya nini?"

Ramula angeweza kusema, haki alikuwa nayo yote, lakini alitazama pembeni akamwachia ndugu yake. Mutwalibu akatazama viatu vyake.

"Kaveera," akasema.

"Basi ziko humu. Haziozi, hazitoki, zinajikunja tu na kuziba njia. Tukiacha, huyu hafiki Ijumaa. Na ana mimba ya miezi saba, mnajua?"

Ramula akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Tumpasue," daktari akasema. "Sasa hivi, kuna mwanga mzuri. Nahitaji maji ya moto, sabuni, na mtu wa kushika beseni asiyezimia."

"Mimi," Mutwalibu akasema.

Ng'ombe hupasuliwa akiwa amesimama, kama hukujua. Daktari alimnyoa ubavu, akamdunga sindano za ganzi, akakata. Akaingiza mkono mpaka begani. Ramula alikuwa ameshika kichwa cha Bakita, anamsemesha Kinubi, lugha ya nyumbani kwao, sikioni kama mtoto anayetahiriwa.

Ya kwanza ikatoka. Halafu tano zilizosokotana pamoja, halafu kamba nzima ya kaveera ndefu kuliko mkono. Beseni likajaa. Margret, aliyekuwa ameleta maji ya moto, akaziba mdomo kwa leso. Beseni la pili likajaa. Nyingine zilikuwa bado na maganda ndani, na fundo juu yake zima kabisa, lile fundo la masikio mawili ambalo mtu mmoja tu Nkoma nzima analifunga.

"Hii ni yangu," Mutwalibu akasema.

Hakuna aliyemuuliza.

"Na hii pia. Na hii."

"Shika beseni, bwana," daktari akamwambia, kwa upole. "Utahesabu dhambi nikishashona."

Akashona tumbo, akashona ngozi, akaosha mikono. Alisema sasa kazi yake imekwisha, iliyobaki ni ya Mungu na ya Bakita mwenyewe. Maziwa yasinywewe mpaka dawa itoke mwilini. Wakikuta anacheua, wampigie simu saa yoyote, hata akiwa kanisani.

Siku mbili Bakita alisimama tu. Mutwalibu alipika bila kuonja. Siku ya tatu, katikati ya kelele za chakula cha mchana, Ramula akapiga.

"Sikiza."

"Sisikii kitu, dada."

"Nimeweka simu mdomoni mwake. Sikiza vizuri, we!"

Akaziba sikio la pili. Na kweli, polepole, kama mtu anayetembea kwenye changarawe: kra, kra, kra. Bakita anacheua.

Mutwalibu akageukia ukuta. Emma akamuuliza kulikoni, akajibu ni vitunguu. Siku hiyo alipika dagaa, na hakukuwa na kitunguu hata kimoja jikoni.

Jioni alipeleka maganda mwenyewe. Kwa gunia, limemvujia mgongo mzima. Alipofika Ramula alimtazama shati, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akamletea maji ya kuoga. Hakumsema hata neno. Mutwalibu aliposema, "Dada, nisamehe," alimjibu, "Umeshika beseni. Alhamdulillahi, oga ule."

Miezi miwili baadaye ndama alizaliwa, jike, mwekundu, mwenye kelele. Ramula akampa jina Nasimiyu. Daktari aliposikia alikasirika kidogo, halafu akaomba picha.

Na hoteli je? Mutwalibu aliandika kwa makaa mlangoni: NJOO NA BAKULI LAKO. Wiki ya kwanza wanafunzi walinung'unika, wengine wakahamia hoteli ya jirani. Margret alikuja na sufuria lisilo na mfuniko, analalamika njia nzima, na kesho yake akaja tena na lile lile, analalamika. Asiye na chombo alifungiwa chakula kwenye jani la mgomba. Matooke yakafunikwa majani tu, tabaka tatu badala ya moja, na yakaiva. Emma alisema yananukia zaidi. Mutwalibu akaona kwamba ile hoteli ambayo ingefungwa bila kaveera, bado iko wazi.

Ilibaki kazi moja. Kaveera zake zote zilitoka Masese, kule Jinja, kwa Odero, mchuuzi wa samaki aliyeuza pia mifuko chini chini nyumbani kwake. Mutwalibu akapanda gari mpaka huko.

"Mtu wa Mbale!" Odero akampokea, akamimina chai. "Mzigo wako uko chini ya kitanda. Umekawia, nikasema wamekukamata."

"Hawajanikamata. Nimekuja kukwambia sichukui tena."

"Umeokoka?"

"Mimi ni Mwislamu, Odero."

"Basi ni nini?"

Akamweleza yote, beseni kwa beseni. Odero alisikiliza akichezea kijiko.

"Pole kwa ng'ombe. Lakini ni ng'ombe mmoja, bwana! Ukiacha wewe, jirani yako atanunua. Wewe peke yako utafanya nini?"

"Jirani yangu hakushika lile beseni. Mimi nimelishika."

"Utarudi tu. Wateja watakurudisha."

"Wameshazoea. Samaki nitachukua kwako, nimekuja na kapu." Mutwalibu akamaliza chai, akaweka kikombe. "Umenikaribisha vizuri miaka yote, asante sana. Kwa chai pia. Lakini hizo zilizo chini ya kitanda, na wewe ziangalie vizuri. Hapa nje nimeona mbuzi."

Odero akageuka kutazama nje. Mutwalibu akachukua kapu lake, akatoka, akafunga mlango.

Funzo

Ndugu zangu wa Nkoma, wa Masese na nyote mlio katikati, tunapobishana kuhusu kaveera tunabishana na serikali tu, kama vile sheria ni mchezo wa kukimbizana na afande. Kumbe mfuko unaoufunga leo unakwenda mahali, na mahali hapo kuna mtu wako. Mutwalibu alikuwa na bahati. Alipata daktari mwenye mkono, ng'ombe mwenye roho ngumu, na dada asiyeweka kinyongo. Tuwashukuru watu wa namna hii wangali hai, na tuwashukuru kwa kubadilika, si kwa mdomo peke yake. Mtu wa nyumbani akikuomba jambo dogo, kama gunia, mpe siku hiyo hiyo. Usingoje beseni lijae.