Mjane Mwenye Mume

Jamaa zangu mnaopenda televisheni, na nyinyi mnaotengeneza vipindi vyake, haya yalitokea kwenye nyumba ya watu wema kabisa, ndiyo maana nayasimulia.

Jumapili moja alasiri, familia ya Fundi Picha ilikuwa sebuleni. Yeye alikaa kiti cha mbele, rimoti mkononi, maana kipindi cha injili anachokitengeneza kwa kituo kidogo cha televisheni kilikuwa kinaanza. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akikaza vifungo vya shati la mteja. Mapacha wao wa miaka saba walilala kifudifudi kwenye zulia. Upepo ulicheza na pazia, nyumba imetulia tuli.

Kwenye kioo akatokea mchungaji, nyuma ya meza, pembeni ya maua ya plastiki. Akahubiri. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini.

"Baba," pacha mmoja akauliza, "tivii imeganda?"

"Haijaganda. Huoni mdomo unatembea?"

"Sasa mbona vingine vyote havitembei?"

Mkewe akauficha uso kwenye shati la mteja, mabega yakimtikisika. Fundi Picha akajifanya hakuona.

Kesho yake mkurugenzi wa kituo, mama mmoja asiyejua kuzungusha maneno, akamwita ofisini.

"Neno unalotangaza ni zuri, mdogo wangu, lakini kipindi chenyewe ni adhabu. Nimewawekea wafanyakazi wote wakitazame. Aliyebaki mpaka mwisho ni mlinzi peke yake, na yeye tulimkuta amelala."

"Lakini bosi, hii ni kazi ya Mungu, siyo maigizo."

"Ndiyo maana inaniuma ukiilipua. Toka na kamera yako, tafuta watu, tafuta maisha. Jumapili ijayo nisipoona kitu, muda huo nampa mwingine."

Hapa sasa nisikilizeni vizuri. Alipewa karibu wiki nzima. Angeweza kuzunguka mtaani akasikiliza watu. Lakini kusikiliza watu kunachosha, naye alishazoea kutega kamera, kubonyeza, kisha kwenda zake kunywa chai. Akatafuta njia ya mkato, na njia yenyewe ilikuwa pale pale nyumbani, imekaa inashona.

"Mama Pacha, nina ombi dogo. Ujifunge kitambaa cheusi, useme mumeo alifariki, ukakata tamaa, kisha kipindi chetu kikakuinua."

"Nikuzike huku nakupikia?"

"Ni mfano tu, mke wangu. Hata Yesu alifundisha kwa mifano."

"Waliomsikiliza walijua ni mfano."

Fundi Picha akakaa ameinama, mikono kichwani, mpaka mkewe akamwonea huruma, akakubali. Mara mbili za kwanza Mama Pacha aliangua kicheko. Mara ya tatu akafumbatishwa kipande cha kitunguu, machozi yakashuka vizuri kabisa. Mumewe akaongeza mshumaa, kinanda cha huzuni, na picha ya harusi yao, sura ya bwana harusi ikiwa imetiwa ukungu asitambulike.

Kipindi kikatikisa. Jumapili ile simu za kituo hazikupumua. Mkurugenzi mwenyewe akampigia. "Huyo mama umemtoa wapi? Nimelia!"

"Nimemtafuta sana, bosi," akajibu, na hata sauti haikumtetemeka.

Jumatatu asubuhi alikuwa mezani na fulana yake ya ndani, anakula mkate, mara akasikia kilio nje. Mama mkwe huyo! Amekuja na basi la kwanza, kilemba kimekwenda upande, ameshikiliwa na wanawake wawili aliokutana nao kituo cha basi. Mlango ukafunguliwa. Fundi Picha amesimama, mkate mkononi.

Kilio kikakatika. Mama mkwe akamgusa shavu moja. Akamgusa la pili.

"Baba! Uko hai?"

"Niko hai, mama."

"Ee Mungu, asante!" Akamkumbatia, akalia upya kwa furaha. Kisha akili ikamrudia. Akamwachia, akavua kiatu. "Nimemsikia mwanangu kwa masikio yangu akisema umekufa. Basi simama hapo hapo, nikamilishe kazi!"

Wakazunguka meza mara mbili, mkwe mbele, mama mkwe nyuma, na wale wanawake wawili wakishika mbavu kwa kucheka.

Mnacheka, na mimi nilicheka niliposimuliwa. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mtu mwingine, ambaye hakucheka. Alikuwa mwanamke mwenye grisi kwenye vidole, anayetengeneza baiskeli mwisho wa mtaa, katika karakana aliyoachiwa na mumewe aliyefariki miezi minne nyuma.

"Nimeambiwa mtengeneza kipindi anakaa hapa. Namtafuta yule mama aliyetoa ushuhuda," akasema. "Alisema siku hizi anapata usingizi. Nimekuja anielekeze. Mimi silali."

Mama Pacha akainuka, akamshika mkono na grisi yake.

"Dada yangu, nisamehe. Mume wangu ndiye huyu. Yale machozi yalikuwa ya kitunguu."

Fundi baiskeli akamtazama Fundi Picha, akautazama na mkate wake.

"Una bahati," akamwambia Mama Pacha, akaondoka.

Mama mkwe akavaa kiatu chake taratibu.

Habari zikazagaa. Wateja wakaanza kufuata vitambaa vyao kabla havijakatwa. "Kama machozi yake ni ya kitunguu," wakasema, "vipimo vyake je?" Shuleni mapacha wakaitwa watoto wa marehemu. Mama Pacha hakugombana na mumewe. Alimjibu "ndiyo" na "hapana" basi, na hilo ndilo lililomkondesha.

Jumatano Fundi Picha akaenda mwenyewe kwa mkurugenzi, akasema yote.

"Umenifanya nimlilie mtu anayekula mkate!" mama yule akafoka. "Jumapili utakaa mbele ya kamera useme ukweli. Nafasi yako nitaiamua baadaye."

Jumapili akasema ukweli bila mshumaa wala kinanda, mkewe pembeni yake. "Nilidanganya. Mke wangu alikataa, nikamng'ang'aniza." Kesho yake akaenda karakana kuomba radhi. Fundi baiskeli alikuwa akibandua tairi, wala hakugeuka.

"Mimi nilikuwa hapa hapa. Ulitaka mjane, ungeuliza."

"Nilikuwa mvivu wa kuuliza."

Mwanamke akacheka kidogo. "Angalau hilo ni la kweli. Nishikie hili gurudumu."

Akalishika. Siku hiyo kamera haikutoka mkobani, wala siku ya pili. Siku ya tatu fundi baiskeli mwenyewe akasema, "Sasa hiyo mashine yako unaibebea nini?" Ndipo akarekodi ile mikono, mnyororo unaopakwa mafuta, na aproni ya marehemu iliyoning'inia msumarini, ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa. Mwanamke hakutamka maneno makubwa. Alisema kuna asubuhi anashindwa kabisa kusali, na kwamba akina mama wa kanisani huja, mmoja akafagia karakana, mwingine akasali kwa niaba yake. Mchungaji aliiacha meza yake, akakaa juu ya sanduku la vifaa, na mahubiri yakapungua mpaka dakika sita. Alikiri hajawahi kusikilizwa vile.

Mkurugenzi akatazama mpaka mwisho, akapenga kamasi. "Huyu naye kitunguu?"

"Hapana, bosi. Huyu nenda ukamsalimie."

"Kipindi ni chako. Ole wako urudi kwenye maua ya plastiki."

Wateja walirudi mmoja mmoja, si wote. Mama Pacha na fundi baiskeli wakawa marafiki wa kushibana. Jioni mmoja hufunga kazi akampitia mwenzake, wakatembea kidogo wakipiga soga. Usingizi wa fundi baiskeli bado unakuja na kuondoka, lakini zile siku mbaya sasa ana wa kumwambia.

FUNZO

Jamaa zangu, kusema "hii ni kazi ya Mungu" si ruhusa ya kuifanya bora liende, sembuse kuipamba kwa uongo. Atakayetaka kugusa mioyo ya watu aende kwanza wanakoishi, akae nao, awasikilize mpaka waseme wenyewe. Na wewe mwenye ndoa, mwenzako akikwambia hapana, usimbembeleze mpaka akubali. Huenda yeye ameshaona mahali wewe hujaangalia. Machozi ya kweli yapo mtaani kwako, na furaha ya kweli pia ipo. Bisha hodi.