Sauti Isiyovuta Pumzi

Asubuhi ile cherehani ililia peke yake, na mdogo mtu jikoni akashtuka. Dada yake, fundi cherehani, hakuwa akishona bila sauti ya marehemu mama yao kutoka kwenye kompyuta ya sebuleni: mama akisimulia, mama akicheka, mama akivuta pumzi kwa tabu kila baada ya maneno mawili matatu, maana pumu ilimtesa mpaka mwisho. Dada mtu ndiye aliyemrekodi kabla hajafariki. Kwingineko kokote sauti ile haikuwepo.

"Mama yuko wapi?" fundi alifoka.

Shemeji yake, mume wa mdogo mtu, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. "Kompyuta ilijaa, shemeji. Nikafuta takataka za zamani nipate pa kuweka mechi zangu. Sikujua kama na bi mkubwa alikuwa humo."

"Takataka! Hilo kochi unalolalia lake, sahani unayolia yake, limwanamume zima limelala kama gunia la viazi, halafu mamangu ndiye takataka?"

"Dada, taratibu, majirani watasikia..." mdogo mtu alisihi kutoka jikoni.

"Wasikie! Nimewaziba masikio?"

Akampigia fundi kompyuta wa mtaa wa pili, yule mwembamba waliyemwita Fito. "Usiiguse, dada," Fito alimwambia. "Vilivyofutwa bado vimo, ila nafasi yake imeachwa wazi. Ukiweka kitu kipya kitakaa palepale. Kesho nakuja."

Lakini hasira yake haikungoja kesho. Alipobaki peke yake, akabonyeza palepale alipozoea kumrekodia mama, akayatapika yote: "Mmenitolea mamangu humu. Basi anayetaka na aje akae, awe jini, awe shetani, sijali, mradi amtoe huyu mwanamume nyumbani!"

Kesho yake Fito akaja, akahangaika na kompyuta mpaka jasho likamtoka. Mama akarudi. Kicheko chake, pumu yake, vyote. Fundi alilia mpaka akachafua kitambaa cha mteja. Lakini sebule ilikuwa imeanza kunuka nywele zilizoungua, na chini kabisa, baada ya sauti zote walizozijua, palikuwa na nyingine.

"Mwanangu, mtoe. Mtoe leo. Mimi niko na wewe, mwanangu, mtoe."

"Mama huyo!" Fundi akapiga makofi. "Umesikia, shemeji? Hata aliko anakujua!"

Mdogo mtu akamshika mkono, akanong'ona, "Dada, sikiliza vizuri. Mama alikuwa akivuta pumzi. Huyu havuti."

Fito alikuwa ameshaondoa mikono yake. "Hii sikuirudisha mimi. Jana kuna mtu karekodi kitu humu. Nani?"

Fundi akageuzia uso ukutani.

"Basi ni kufuta vyote, dada. Wameingiliana. Siwezi kumtoa mmoja nikamwacha mwingine."

"Umfute tena mamangu? Thubutu!"

Fito akachomoa umeme. Kioo kikazima, lakini sauti haikuzima, ikaendelea mtoe mtoe mwanangu mtoe, ikipanda ukutani, ikishuka chini ya kochi, na ile harufu ikazidi mpaka macho yakawachoma, na shemeji mtu, ambaye hajawahi kuinuka kwa mwito wa mtu, akainuka akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango.

Ndipo fundi alipopandisha. "Toka kwenye sauti ya mamangu! Toka, mwizi mkubwa wewe!" Akanyakua pasi, akaipiga kompyuta, akaipiga na machozi yanamtoka, mpaka ikawa vipande. Mama naye akaenda zake humohumo.

Kukawa kimya. Harufu ikakatika. Fito akashusha pumzi, mdogo mtu akakaa chini.

Fundi akamgeukia shemeji yake. Akaanza kumsema, polepole kwanza, kochi na sahani na mechi na uvivu na marehemu na nyumba na viatu vyake avichukue aondoke asirudi asigeuke asiage, maneno yakafuatana bila kituo wala kumeza mate, na mwanamume yule akachukua viatu mkononi, akatoka mbio peku. Maneno hayakukoma.

Mdogo mtu akamwekea dada yake mkono mgongoni kumtuliza. Mgongo haukupanda, haukushuka.

"Dada," alinong'ona, "hebu vuta pumzi kidogo."

Dada akageuka, akamtabasamia.

"Mwanangu," akasema.