Muda Ukiisha Tutatoka

Ilikuwa tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nane, saa sita ya mchana, komeo la stoo lilipofunguka lenyewe.

Fundi cherehani alikuwa barazani, akipinda suruali ya mteja. Alisikia chuma kikikwaruza chuma polepole, kisha kimya. Alidhani ni mkewe. Mkewe, aliyekuwa jikoni, alidhani ni yeye. Hakuna aliyeinuka.

Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameweka simu chini. Mkataba wa nyumba ulikuwa wa miaka miwili na ulikuwa unaisha siku ile, naye alimpigia mwenye nyumba kwa hofu ya kuambiwa ahame. Mwenye nyumba alicheka.

"Fundi, wewe kaa tu. Muda umeisha na hakuna aliyesema lolote, basi tunaendelea mwezi kwa mwezi. Kaa mpaka hicho kipara chako kiote nywele!"

Fundi alimshukuru Mungu. Hakutaka kuhama. Mama yake mzazi alifia katika chumba cha katikati mwanzoni mwa mwaka, na kila alipopita mlangoni pale alikuwa bado anapunguza hatua, kama vile mgonjwa amelala.

Asubuhi walikuta viatu vyote vya mlangoni vimegeuzwa. Kila jozi ilielekea barabarani.

"Chiriku! Umechezea viatu?"

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Si mimi, baba. Mimi nilidhani tunasafiri. Tunakwenda wapi? Kuna bahari? Nibebe doli?"

Walicheka. Siku zilizofuata hawakucheka. Mchana, nyumba ikiwa imetulia, walisikia kitu kizito kikiburutwa kutoka stoo kuja ukumbini, kikisimama, kikiburutwa tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kabati lake. Stoo hapakuwa na kabati. Palikuwa na ndoo tupu na fagio. Tena ikaja harufu ya nguo iliyoungua na pasi. Fundi aliishika pasi yake, akaikuta baridi. Harufu ilianzia stoo, ikafika ukumbini, kisha ikaingia chumba cha marehemu.

"Baba Chiriku," mkewe alinong'ona, "hiki kitu kinahamia."

Jioni ile walisikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu cha marehemu, na baada yake sauti yake yenyewe, ya upole, kutoka nyuma ya mlango.

"Mwanangu, umekula?"

Mke alisoma aya alizozijua. Fundi hakusoma kitu. Alitandika mkeka mlangoni pa chumba, akakaa, akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo, kila akimaliza sala ya magharibi, alikwenda kukaa pale. Sauti ilimuuliza habari za kazi, za mgongo wake, za mvua. Naye alijibu.

"Inuka hapo," mkewe alimwambia. "Yule si mama."

"Sauti ya mama yangu utanifundisha wewe?"

"Mama yako nilimwosha kwa mikono yangu hii. Najua alikokwenda. Na mama nimjuaye mimi hakufungua mdomo mlangoni bila kusema hodi. Hata jikoni kwake mwenyewe alipiga hodi, tukawa tunamcheka. Huyu umewahi kumsikia akipiga hodi?"

Fundi aligeuza uso ukutani. "Niache nimsikie kidogo tu."

Katika siku hizo Chiriku alianza kupunguza maneno, na baba yake hakutambua.

Jioni moja, mwanga ukiwa unakatika, mke alimwita Chiriku amsaidie kuanua nguo, hakuitikiwa, akamwita tena, akaingia ndani akapita chumba baada ya chumba, na fundi akainuka mkekani kwa sababu ile sauti iliyokuwa ikizungumza naye ilikuwa imenyamaza katikati ya neno, na walipofika mwisho wa ukumbi waliona mlango wa stoo uko nusu wazi, harufu ya nguo iliyoungua inatoka humo nzito mpaka inawasha macho, na ndani, juu ya ndoo iliyofudikizwa, mtoto wao ameketi kimya, ameinamisha kichwa upande kama mtoto anayesukwa, nusu ya nywele zake zimekwisha kusukwa mistari myembamba ile ile aliyokuwa akiisuka bibi yake, na nyuma yake, gizani, kitu kilikusanya miguu yake mirefu, kikajisogeza ukutani kuwapisha.

Mke alimnyakua mtoto. Chiriku hakulia wala hakusema neno.

Asubuhi walimwita shehe, wakamweleza yote tangu siku mkataba ulipoisha. Alisoma nyumba nzima, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, bado bubu. Alipofika mlangoni pa stoo alinyamaza, akageuka.

"Hapa mlangoni kuna mtu aliyewahi kuzungumza na kilichomo humu?"

Mke alijifunika mdomo. "Siku ya kuhamia, kabla hatujaingiza kitu, marehemu mama alisimama hapo akapiga hodi. Akasema, 'Mwenye kukaa humu, sisi ni wapangaji. Tuachie vyumba, nasi hatutakugusa. Muda ukiisha tutatoka.' Nilidhani ni mambo ya uzee."

Shehe alitikisa kichwa. "Alikosea. Kinga huombwa kwa Mungu. Aliwaogopea ninyi, Mola amsamehe." Akamtazama fundi. "Mwenye nyumba amekuongezea muda. Huyu hajakuongezea."

"Mfukuze, shehe!"

"Nitawaombea ulinzi, na Mungu atawalinda. Lakini mama yako alitoa neno, na neno hutimizwa. Mtoeni mtoto humu leo, kabla jua halijazama. Na wewe, uliye damu yake, uje mlangoni useme kwamba limetimia."

Walipakia mkokoteni mchana kutwa: cherehani, magodoro, masufuria. Chiriku aliwekwa juu ya magodoro. Jua lilipoinama, fundi alisimama kizingitini na ufunguo mkononi.

"Mimi ni mwana wa yule aliyekuahidi," alisema. "Muda umekwisha. Tumetoka. Tumekuachia chako, nawe tuachie chetu."

Nyumba ilikuwa tupu. Kutoka chumba cha katikati kikaja kikohozi.

"Na mimi, mwanangu? Unaniacha na nani?"

Mkono wa fundi ulishuka. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti, na mkewe alikuwa ameanza kupiga kelele.

"Baba."

Ilikuwa sauti ya Chiriku, ikikwaruza kwa kukaa bila kutumika.

"Baba, yule hapigi hodi."

Fundi alisimama. Alisikiliza kwa muda mrefu, kwa moyo wake wote, akitamani neno lile moja lije. Ndani paliburutwa kitu kizito, taratibu, kikaegemezwa nyuma ya mlango. Hodi haikuja.

Alirudisha mguu, akavuta mlango, akafunga. Mkokoteni ulipoondoka alitembea nyuma yake akilia waziwazi, na Chiriku, huko juu, alikuwa anauliza wanakokwenda kuna nini, kuna nani, kuna paka?

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yule. Amsamehe hodi aliyoipiga pasipostahili, ailaze roho yake mahali pema, na ampe makao ambayo muda wake hauishi. Amina.