Birika la Pili

Tone lilikuwa la moto. Hilo ndilo lililomshangaza Hadidja, maana ile robine ya sinki la jikoni, bomba la mkono mmoja la kuchanganya maji ya moto na ya baridi, mumewe Yunus aliinunua kwa mbwembwe tu. Nyumba yao ya Kabondo haikuwahi kuwa na maji ya moto hata siku moja.

"Papa Safiya, si ulisema uliitengeneza jana?" akamwuliza mumewe.

"Niliitengeneza. Iko inazoea tu."

Robine kuzoea! Mwanamume akibanwa hukosa hata uongo wa maana.

Ukweli ni kwamba jana yake asubuhi nati ya robine ilikuwa imeganda kwa chokaa, spana ikateleza, Yunus akajikata kidole. Kwa hasira akachemsha maji, akayamwaga juu ya nati. Kwao hata mtoto mdogo anajua kwamba maji ya moto hayamwagwi bila kutaja bismillahi, ili wale wasioonekana wapate kusogeza watoto wao. Yeye hakutaja. Ndani ya bomba la kutolea maji ya sinki kitu kikalia, sauti nyembamba kama ya mtoto mchanga. Yunus aliisikia vizuri kabisa. Akaogopa, na badala ya kuomba radhi akamwaga birika la pili, mpaka kukawa kimya.

Sasa binti yao Safiya, wa miezi minane, alipiga kelele kila tone lilipoanguka. Kufikia adhuhuri jikoni kulinuka nywele zilizoungua, malengelenge yakamtoka mtoto kwenye nyayo, kisha kwenye magoti, yakipanda taratibu huku robine ikidondoka, na Yunus akifungua na kukaza, akibadilisha mpira, akifunga hata maji ya nyumba nzima, na bado tone likaja, na mtoto akalia, na yeye akashindwa kumtazama mkewe usoni kwa aibu.

Hadidja akamwita Mwalimu Abdulhamid, anayesomea wagonjwa pale mtaani. Mzee alisoma hadi jasho likamtoka, akatega sikio kwenye sinki, kisha akamgeukia Yunus na kunong'ona.

"Iko mama moja huku chini. Mutoto yake alikufa. Anasema, kama haukujua, anasamehe. Kama ulijua, sema tu kweli, ataenda vilevile. Alors, niambie, ulisikia mutoto analia?"

Hadidja alikuwa amesimama mlangoni, Safiya mikononi, akimwangalia mumewe kwa macho ya kumwamini. Macho yale ndiyo yaliyomshinda Yunus.

"Hapana, Mwalimu. Sikusikia kitu."

Tone likakatika. Harufu ikatoweka, malengelenge yakasinyaa. Hadidja akalia kwa furaha, akambusu mtoto, akamshukuru Mungu. Mwalimu akafunga kitabu chake, akaaga. Yunus akaanza kupumua.

Ndipo Safiya akainua kichwa kutoka begani mwa mama yake. Mtoto huyo hakuwa amewahi kutamka neno. Akamtazama baba yake, akatabasamu, akasema kwa sauti ya mwanamke mtu mzima:

"Ulisikia."