Soksi ya Saba

Jumamosi ile jua lilikuwa linazama nilipopiga magoti mbele ya kabati la tangi la samaki. Magoti yangu ni ya zamani kuliko kabati lenyewe, lakini kazi haimuulizi mtu umri. Nilitandaza gazeti, nikaweka ndoo, nikafungua milango miwili ya chini.

Tangi hilo alilijenga mwanangu, marehemu. Juu, sebuleni, kuna kioo kikubwa na samaki wa maji ya chumvi ambao wageni huwashangaa. Chini, ndani ya kabati, kuna tangi la pili, dogo, ambalo wageni hawalioni. Maji machafu yanashuka humo, yanapita kwenye soksi, yaani mfuko wa kitambaa unaonasa uchafu, kisha pampu inayarudisha juu yakiwa safi. Ukitaka kuijua nyumba usitazame sebule, tazama choo. Tangi la chini ndilo choo. Likioza, samaki wanakufa wakiwa wamependeza.

Mwanangu alinifundisha kazi hii akiwa mgonjwa. "Mama, maji yanakauka, chumvi haikauki. Kila wiki ongeza maji matupu mpaka kwenye utepe mwekundu niliobandika kiooni. Chumvi usiongeze." Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, lakini sikuishia ujingani. Akacheka. Mwezi huohuo tukamzika.

Sasa sikilizeni.

Tangu tumzike, miezi minane, nilikuwa sijaongeza hata kikombe. Maji hayakupungua.

Yalipanda.

Kila Jumamosi nachota ndoo nzima, namwaga. Jumamosi ya pili yamepita utepe tena, na kipima chumvi nacho kimepanda. Nilimwita fundi bomba. Akachungulia, akasema hakuna bomba linaloleta maji humo, akaondoka bila kumaliza chai.

Jioni hiyo nilikuwa nimeshatoa soksi chafu, ipo mkononi, niliposikia harufu. Si ya tangi. Ilikuwa harufu ya nyama inayoungua...

"Bibi," mjukuu wangu alisema nyuma yangu, "mkono unanuka."

Ana miaka mitano. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya kelele zake. Alisimama kando ya meza, kiganja amekibandika kwenye pasi ya moto, ananitazama kama mtu anayesubiri kuitwa kula.

Hakulia.

Nilimvuta. Mama yake, mkwe wangu, akatoka jikoni, akakitia kiganja kwenye maji, akaanza kukifunga. Uso mkavu kama ubao.

"Mwanao ameungua, wewe unakunja kitambaa kama unafunga zawadi."

"Naona, mama." Akakaza fundo. "Naona, ila haifiki."

"Haifiki wapi?"

Akajigusa kifuani. "Hapa. Tangu mazishi sijalia tena. Chiriku naye vilevile. Na wewe?"

Nikafikiri. Mume wangu nilimlilia mwaka mzima, na hakustahili hata nusu yake. Mwanangu nilimlilia mpaka lini? Mpaka alasiri ileile ya mazishi. Mpaka yule mwanamke alipotufuta.

"Yule shangazi yako mwenye kitambaa cheupe," nikasema, "aliyetufuta machozi sote watatu..."

"Shangazi yangu? Mama, si alikuwa wa upande wenu?"

Tukatazamana. Kila mmoja alimkirimu mgeni akidhani ni wa mwenzake.

Ndipo nikaangalia kilichokuwa mkononi mwangu. Mwanangu aliacha soksi sita, kila moja ina pete ya plastiki mdomoni. Hii haikuwa na pete. Kitambaa cheupe, kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi. Niliikuta kwenye kapu la soksi safi baada ya mazishi, nikadhani sikuhesabu vizuri. Nikaipenda, maana ilinasa uchafu kuliko zote. Kila Jumamosi niliifua bombani na kuirudisha ikichuruzika. Mimi mwenyewe. Kwa mikono hii.

Niliikamua. Maji yakatoka. Nikaikamua tena, yakatoka. Ndoo ikajaa, soksi bado inatiririka... na maji yalikuwa ya moto. Moto wa jicho.

Kabatini, pampu iliacha kunguruma. Ikaanza kwikwi. Ndogondogo, za kuvuta pua.

Za Chiriku.

"Usiikamue hivyo, mama. Utaichana."

Alikuwa amekaa kwenye kochi. Yuleyule mwanamke wa mazishini. Mlango nilikuwa nimeutia komeo, na komeo lilikuwa mahali pake.

"Hujapiga hodi," nikamwambia.

"Mlinikaribisha siku ya msiba. Hakuna aliyeniaga." Alinong'ona, kama mtu anayechunga usingizi wa mgonjwa. "Mlisema inauma, Mungu wangu, iondoe. Mimi nikaiondoa. Samaki wamenitunzia. Nimefuata changu."

"Mtoto ameungua hana habari. Kesho atakalia jiko. Rudisha."

"Kitambaa hakiondoki kitupu."

"Basi ondoka na yangu. Ya mtoto na ya mama yake rudisha."

"Mama..." mkwe wangu alianza.

"Wewe nyamaza, wazee wanaongea."

Mgeni akaninyooshea mkono. "Hujauliza ni nini kinachofuatana na machozi."

"Nikiuliza utanipunguzia?" Nikampa kitambaa. "Kamua."

Akakamua mara moja. Chiriku akapiga yowe ambalo majirani wanalisimulia mpaka leo. Akakamua mara ya pili. Mkwe wangu akateleza ukutani mpaka sakafuni, akimwita mumewe. Mara ya tatu hakukamua. Alikunja kitambaa taratibu, akakitia kifuani, akafungua komeo, akatoka kama mtu yeyote.

Maji ya tangi la chini yalishuka vidole vitatu chini ya utepe. Nikaongeza maji matupu, kama nilivyofundishwa.

Mkono wa Chiriku umepona, limebaki kovu. Wakati mwingine anamlilia baba yake, mama yake analia naye, wanakumbatiana. Halafu wananikumbatia na mimi. Nahesabu mpaka kumi, wananiachia.

Samaki wanaendelea vizuri.

Juzi jirani wa nyumba ya nne alifiwa na mume. Nilikwenda, nikapewa kiti karibu na ukuta, nikapewa chai. Mjane alilia mpaka sauti ikakatika, watoto wake wawili wamejilaza magotini pake. Kando yake alikaa mwanamke mmoja mpole, kitambaa cheupe mkononi. Dada wa marehemu alimsogezea mto. Bila shaka alidhani ni wa upande wa pili.

Yule mwanamke aliniona. Akaniinamishia kichwa kidogo tu, kama wafanyavyo watu wa kazi moja.

Nilijua la kufanya. Ni kusimama na kusema neno moja. Nikatafuta ndani yangu kitu cha kunisimamisha. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anavyotafuta funguo.

Mjane akanyamaza ghafla. Kisha mtoto wa kwanza. Kisha wa pili.

"Afadhali," watu wakanong'onezana. "Angalau wamepumzika."

Nikanywa chai yangu. Ilihitaji sukari.