Katibu na Msemaji

Jumamosi asubuhi mtaa wa maduka ulikuwa umefurika watu, na katikati yake palikuwa na mtaro mpana ambao wiki iliyopita haukuwapo. Ukingoni mwa mtaro alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la hariri la zambarau, viatu vya kisigino kirefu, na hasira tele. Arusi ya rafiki yake ilikuwa ng'ambo ya pili, na daraja lenyewe lilikuwa ubao mmoja.

"Nani huyu asiye na akili, anachimba handaki bila kuwaachia watu njia?" alipaza sauti.

"Nipe mkono," ikajibu sauti ya kiume.

Alikuwa kijana mrefu, kizibao cha rangi ya machungwa juu ya shati lililopigwa pasi kupita kiasi kwa mtu wa kazi za vumbi.

"Nikianguka je?"

"Tutaanguka wote. Mimi nitatangulia chini, gauni lisichafuke."

Alicheka bila kupenda. Akampa mkono, ubao ukayumba, vidole vikakazana. Walipofika ng'ambo hakuna aliyekumbuka kuachia.

"Asante, kaka. Ukimwona huyo mjinga aliyechimba, mfikishie salamu zangu."

"Zimeshafika. Mimi ndiye msemaji wake."

"Msemaji wa mtaro?"

"Wa mradi mzima wa barabara. Na wewe?"

Dada akauchomoa mkono wake. "Mimi ni katibu wa chama cha wenye mabasi madogo. Tutaonana Jumatano kwenye mkutano. Na pale sitacheka."

Kweli, Jumatano hakucheka. Jiji lilikuwa linajenga barabara ya mabasi makubwa, na mabasi madogo yalikuwa yaondolewe barabara kuu. Ukumbini walijaa wenye mali hiyo: wajane, wastaafu, madereva waliojinyima mpaka wakapata basi moja la kujivunia. Mwenyekiti wao alikuwa baba yake Katibu, mzee aliyeanza kushika usukani kabla hata hajaota ndevu. Katibu alisimama, akamuuliza Msemaji maswali mpaka kijana akaomba maji mara mbili.

Jioni simu ya Katibu ikalia.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Ipo chini ya kila barua ya malalamiko uliyotuandikia. Nimezisoma zote."

"Umezijibu?"

"Ndiyo maana nimepiga. Nikijibu zote leo tutakesha. Bora tunywe chai kesho."

"Chai ya mradi?"

"Ya mfuko wangu. Mradi haujui hata kama nina moyo."

Walikunywa chai hiyo, na nyingine, na nyingine. Kijana akawa "Msemaji wangu", na dada akawa "Katibu wa roho". Kijana alijifunza kwamba Katibu hula maandazi kuanzia pembeni na hapendi kukatizwa anapoongea. Katibu naye aligundua kwamba yule mtu wa majukwaani, wakiwa wawili, hushikwa na kigugumizi kidogo kila anapotaka kusema jambo la moyoni.

"Na-nakupenda," alimwambia siku moja kituoni, honi zikipigwa kila upande.

"Sijasikia."

"Umesikia!"

"Rudia. Kwenye mkutano huwa unarudia mpaka mara tatu."

Katibu hakuyaficha nyumbani. Mwenyekiti alimsikiliza bintiye hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu anakuja kwa mguu upi? Wa mradi au wa mapenzi?"

"Wa mapenzi, Baba."

"Basi ule wa mradi auache mlangoni."

Msemaji akaja, akaamkia kwa heshima, akavua viatu vyote viwili huku mzee akimtazama miguu. Wakacheka wote watatu. Ilikuwa nyumba yenye furaha siku ile.

Wakati huo chama kilikuwa kimekwisha panga mgomo. Ndipo mradi ukaleta ahadi: mabasi madogo yaache barabara kuu, lakini yapewe njia zote za mitaani, kuwaleta abiria kwenye barabara mpya. Msemaji ndiye aliyeitangaza. Katibu alimvuta pembeni baada ya mkutano.

"Usinijibu kama msemaji. Nijibu kama wewe. Ni kweli?"

"Ni kweli. Nimeisikia kwa Mkurugenzi wa mradi mwenyewe. Nakuapia, mpenzi."

Alikuwa haongopi; aliamini kila neno. Basi Katibu akasimama mbele ya wanachama, akasema, "Njia za mitaani ni zetu. Kama hamwamini mradi, niaminini mimi." Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba yake. Mgomo ukafutwa.

Haukupita muda, Mkurugenzi akamwita Msemaji ofisini, akafunga mlango. Njia za mitaani amepewa tajiri mmoja mwenye kampuni ya mabasi, rafiki wa wakubwa.

"Lakini tuliwaahidi watu, Mheshimiwa. Niliwaahidi mimi."

"Na wewe ndiye utakayenyamaza mpaka barabara izinduliwe. Au unataka tutafute mdomo mwingine?"

Msemaji alinyamaza. Alijiambia atalipindua jambo lile kimyakimya, kutoka ndani, kabla halijamfikia Katibu. Akabisha mlango huu na ule, akaomba, akabembeleza, akapigwa kalenda. Na kila jioni aliendelea kumpigia mpenzi wake.

"Sauti yako imechoka, Msemaji wangu. Kuna nini?"

"Kazi tu."

"Niambie basi, tubebe wote."

"Kazi tu, mpenzi. Lala salama."

Asubuhi ya uzinduzi, mabasi mapya yaliingia vituo vya mitaani yakimeremeta, majina ya njia zote zilizoahidiwa yameandikwa juu ya vioo vyake vya mbele. Askari wakaanza kuyafukuza mabasi madogo. Wanachama wakamzunguka Katibu, kila mtu anauliza lake, naye akiwa bado amevaa blauzi nyeupe aliyoinunua kwa ajili ya sherehe. Akapiga simu palepale.

"Ulijua?"

Msemaji akakohoa upande wa pili.

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilikuwa ninajaribu ku—"

"Ulijua lini?"

"Mwezi uliopita. Nisikilize, mpenzi, nilidhani nita—"

"Mwezi mzima unaniambia lala salama!"

Akakata. Kijana mmoja nyuma yake akacheka kwa uchungu: "Kumbe tumeuzwa kwa mahaba!" Neno hilo likaruka mdomo kwa mdomo mpaka likawa kama kweli. Mjane mmoja, aliyenunua basi lake kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, hakupiga kelele. Alimsogelea Katibu na kumuuliza polepole, "Binti yangu, alikupa nini?"

Swali lile lilimwingia kuliko matusi yote.

"Mwanangu hajauza mtu!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Amedanganywa, kama mimi, kama wewe!" Lakini sauti yake ilipasuka katikati, na watu wakatazamana.

Tangu siku hiyo mzee alizoea kuzunguka nyuma ya nyumba akienda dukani, asipite penye vijiwe. Katibu hakupokea simu. Usoni hakuonyesha chozi. Alifua, alipika, aliandika barua za malalamiko, na ulimwengu ukamwona ni jiwe.

Msemaji alipoona hapokelewi, alikwenda redioni. Walidhani amekuja kuisifu barabara, kama kawaida. Akashika maikrofoni akasema yote: ahadi ilivyotolewa, ilivyogeuzwa, na nani aliyefaidika. Kigugumizi kilimshika hewani, watu wote wakisikia. "Katibu wa chama ha-hakujua lolote," alimalizia. "Aliyejua akanyamaza ni mimi."

Kabla kipindi hakijaisha alikuwa hana kazi. Lakini moto ulikuwa umewaka. Madiwani waliokuwa wamelala wakaamka, magazeti yakaandika, zabuni ya yule tajiri ikafutwa, na njia za mitaani zikarudi kwa wenye mabasi madogo. Mjane yule alikuja kwa Katibu, akamkumbatia, akalia: "Nisamehe, binti yangu. Ulimi hauna mfupa."

Siku chache baadaye Msemaji akapanda ngazi za ofisi ya chama, chumba kidogo juu ya karakana ya matairi. Mwenyekiti alipomwona aliitikia salamu, akatoka nje barazani. Shati la kijana lilikuwa na makunyanzi. Alikuwa amekonda.

"Nimepata kazi," alisema. "Mji mwingine, mbali. Lakini ukisema nibaki, nitabaki, hata kama ni kukata tiketi kwenye mabasi yenu. Nataka kukuoa. Nilikosa. Sikutaka kukuumiza, ndiyo maana nikakuumiza zaidi. Nimeshalijua kosa langu, na nimelisema mbele ya watu."

"Nilikusikiliza," alisema Katibu. "Nilikaa jikoni nikakusikiliza mpaka mwisho."

"Basi niambie."

Alimtazama kwa muda mrefu: macho yale, kola ile iliyokosa pasi. Akatamani kuinyoosha kwa kiganja. Badala yake akaweka mikono chini ya meza.

"Nikiolewa na wewe, watasema kumbe ilikuwa kweli niliwauza. Baba yangu ndiyo kwanza ameanza kupita mbele ya nyumba. Watu hawataturuhusu, Msemaji wangu."

"Watu tu? Hakuna kingine?"

"Watu tu."

Kijana akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyepewa mzigo anaoweza kuubeba. Akamshika bega, akashuka ngazi bila kugeuka.

Mwenyekiti akaingia. "Nimesikia, mama. Kuta hizi ni mbao. Sikukuomba uniwekee heshima kwa gharama hiyo. Maneno ya watu mimi ningeyavumilia. Mkimbilie."

"Si kwa ajili yako, Baba."

"Humpendi tena?"

"Nampenda mpaka kifua kinauma. Lakini nimemsikia akiniambia 'kazi tu' kwa sauti ile ile ya kuniambia ananipenda. Sasa kila akinyamaza kidogo, nitakuwa najiuliza anaficha nini. Nitamchunguza mpaka nimchoshe, na nichoke mimi. Mtu hawezi kuishi hivyo."

"Kwa nini hukumwambia hivyo?"

"Aende akijua ni watu waliotutenganisha. Watu atawasahau. Akijua ni yeye mwenyewe, hatajisamehe."

Mzee alivuta kiti akakaa karibu naye, na Katibu, aliyekuwa hajalia tangu mambo yaanze, akaweka kichwa begani kwa baba yake akalia kwa sauti, mpaka mafundi wa matairi kule chini wakazima mashine yao ya upepo. Mmoja akapanda hadi katikati ya ngazi.

"Mzee, kuna msiba?"

"Upo, mwanangu," Mwenyekiti alijibu, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha bintiye. "Rudi tu kazini."